Enyi Nyasi, Mwambieni Mkwe Wangu

Jina analo, tena jina zuri, na kijiji chake kizima cha Ijumbi kinalijua. Mimi silitaji. Sijalisahau. Ni kwamba mkwe halitaji jina la mama wa mke wake, na wazee walinionya kuwa akilitaja, mikono itamtetemeka uzeeni hata kikombe cha chai kisifike mdomoni. Mimi napenda chai. Kwa hiyo humu atakuwa Mama Mkwe, na anayetaka zaidi ya hapo akaulize kwa watu wasio na cha kupoteza.

Siku hizi vijana wengi wa Muleba wanashikana mikono na mama wakwe zao, wengine wanakumbatiana na kupiga picha wakicheka. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba kwa Mama Mkwe wangu habari hizo hazikufika, na kama zilifika, zilikutana naye mlangoni zikageuza. Sheria zake juu yangu zilikuwa chache lakini ngumu kama jiwe la kusagia. Tusitazamane usoni. Tusile mahali pamoja. Nisikalie kiti alichokalia yeye, hata kama alikiacha tangu Pasaka. Na tukikutana njiani, kila mmoja ampishe mwenzake kwa kutoka njiani kabisa, aingie nyasini, ageuze mgongo mpaka mwenzake apite. Hii ya mwisho ndiyo iliyotupeleka hospitali, lakini tusikimbilie huko. Habari za mtu kama yule hazianzwi na nyoka.

Umbo lake nalo silielezi, si adabu. Nitasema tu kwamba viti vya plastiki vilikuwa vikimwona anakuja vinaanza kuungama.

Katika miaka yote tangu nimwoe Adela, mama yake hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. Mimi nimekaa sebuleni, yeye yuko jikoni kwa nyuma, Adela yuko katikati mlangoni kama mkalimani wa mkutano wa marais.

"Adela, hebu muulize mumeo kama barabara ya Bukoba imekauka."

Mimi nimesikia. Kuku wamesikia. Jirani wa ng'ambo ya kibanja cha migomba amesikia na pengine ameshajibu. Lakini nasubiri.

"Mama anauliza kama barabara imekauka."

"Mwambie imekauka."

"Amesema imekauka, Mama."

"Mwambie Mungu ashukuriwe."

"Anasema Mungu ashukuriwe."

Namna hiyo tuliweza kumaliza asubuhi nzima kwa habari ambayo watu wengine wangeimaliza kwa kikohozi. Adela asipokuwepo, Mama Mkwe alichukua mjumbe yeyote aliye karibu: paka, sufuria, mbuzi. Siku moja nililala kwenye mkeka nje, wingu likaja. Nikasikia sauti yake kutoka migombani: "Ewe mbuzi, mvua hiyo inakuja, na mtu aliyelala nje atalowa." Nikafumbua macho. Mbuzi ananitazama, mimi namtazama. Nikakunja mkeka, nikamshukuru mbuzi kwa sauti ya kutosha, na huko migombani nikasikia mtu akijizuia kucheka.

Halafu zikaja simu za mkononi, na Mama Mkwe akapata mwanya ambao hakuna mzee aliyeuwazia. "Simu haina macho," alitangaza. "Kwenye simu hapana mtu, kuna sauti tu." Basi mwanamke ambaye hakuweza kuniambia karibu, akawa ananipigia simu kwetu Bakoba, mjini Bukoba, kila Jumapili baada ya misa na kunieleza kila kitu: mahubiri yalikuwa marefu, kahawa imepigwa na mvua ya mawe, nami nipunguze chumvi maana baba yangu alikuwa na presha. Kwenye simu alinicheka, akanigombeza, akaniimbia hata wimbo wa kwaya uliomshinda mwalimu wao. Tukienda kumtembelea, alinipigia akiwa jikoni kwake nami nikiwa sebuleni kwake. Sikio la kulia lilimsikia kwa simu, sikio la kushoto lilimsikia kupitia ukuta wa matofali, na ukuta ndio uliokuwa unafika kwanza.

Ni kwa simu hiyo alinisukuma kumaliza masomo ya jioni. Mchana nilikuwa nabeba magunia kwenye ghala la kahawa mjini, jioni naenda kusoma na watu wazima wenzangu ili nipate kidato cha nne. Madawati yalikuwa ya watoto. Siku moja dawati lilinibana nikasimama nalo kujibu swali, na mwalimu akanipa alama za juhudi. Mama Mkwe alitaka ripoti.

"Wiki hii wamekufundisha nini?"

"Moyo wa chura, Mama."

"Chura ana moyo?"

"Anao. Una vyumba vitatu."

Nilidhani salio limekwisha.

"Vitatu," akasema. "Na hapa Ijumbi kuna watu hawana hata kimoja."

Nilipofaulu, Adela aliniambia kuwa mama yake aliwasimamisha akina mama wote nje ya kanisa na kuwatangazia kama vile nimeteuliwa kuwa waziri. Kwangu mimi ulifika ujumbe mwingine kabisa: "Mwambie mumeo asijivune. Cheti hakipaliliwi, lakini nacho huota magugu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kusifu alisifu mgongoni, kukosoa alikosoa usoni, na kwa kuwa usoni kwangu hakuruhusiwa kuja, alimtuma mtu. Alikuwa mtu wa rozari, shanga zake zimelainika kama mbegu za kahawa zilizopita mikono mingi, lakini katikati ya "Salamu Maria" aliweza kumtukana mbuzi aliyeingia kwenye maharage na kurudi kwenye sala bila kupoteza mahali. Alishika miiko ya zamani kuliko wazee wenyewe. Kwa mfano senene, wale panzi wa kuliwa. Zamani wanawake wa Kihaya walikuwa wakiwakamata na kuwakaanga, lakini kuwala ni kazi ya wanaume. Wenzake wote walishaachana na mwiko huo na kutafuna hadharani. Yeye alikuwa akisema, mkono kifuani, "Sijawahi kuwaonja." Na mimi simpingi. Ila tulimwachia kopo kubwa la senene kabatini mwezi wa kumi na moja, na Krismasi tulipofika kopo lilikuwa na chumvi tu. Adela akauliza. Mama Mkwe akajibu kwamba senene wa siku hizi ni wepesi, wanakauka.

Sasa kutembea. Shemeji yangu Deo, kaka yake Adela, anaishi Dar es Salaam, na kila Krismasi anakuja na gari, familia na maneno mapya. Alikuja na neno "haikingi." Siku ya pili ya Krismasi, akasema, familia yote tutafanya haikingi: tutapanda kwa miguu juu ya rweya mpaka kileleni, tutazame ziwa, tushuke. Rweya ni ule mwinuko wa nyasi unaotenganisha kijiji na kijiji. Huko hakuna migomba, ni nyasi na upepo, na siku ya jua kali, ukikodoa macho upande wa mashariki, unaona Ziwa Viktoria linang'aa. Adela husema ninachokiona ni ukungu. Mimi naona ziwa, tena naona na mitumbwi.

Mama Mkwe alishangaa. "Tunapanda kwenda kuchukua nini?"

"Hakuna, Mama. Tunapanda tu. Ni mazoezi," Deo akasema.

"Mtu mzima anapanda mlima kwenda kuchukua hakuna?" Akachukua mundu na kamba. "Miguu haitumwi bure. Nitakata nyasi za kutandika sebuleni. Za Krismasi zimeshakanyagwa na watoto wako."

Basi haikingi ikawa safari ya nyasi, na ikawa desturi ya kila mwaka. Mpangilio ulikuwa huu: Mama Mkwe mbele kabisa na mundu wake, nyuma yake Deo akihema na watoto wake wakipiga picha, kisha Adela, na mimi nyuma kabisa, mbali, mahali ambapo mgongo wa Mama Mkwe ni nukta tu ya kitenge chekundu. Mkwe mwenye adabu hapandi mlima akiwa nyuma ya mama mkwe kwa karibu. Hilo halihitaji maelezo.

Mwaka huo ninaousema tulikuwa tumeshapita nusu ya kilima. Wao walipumzika kidogo kwenye jiwe pana, wakaendelea. Mimi, kwa kutunza umbali, nikabaki chini nikijifanya nafunga kamba za viatu. Kumbe kule juu Mama Mkwe amekumbuka kwamba ameacha mundu wake pale kwenye jiwe, na kwa kuwa hakuwahi kumtuma mtu kufanya alichoweza kukifanya mwenyewe, amegeuka anashuka. Mimi napanda. Njia ya rweya ni nyembamba, na nyasi zake zinafika kiunoni. Kwenye kona ya jiwe tukatokeana uso kwa uso.

Nikaruka kushoto. Naye, kwa bahati mbaya, akachagua upande huohuo. Tukaona haya wote wawili, nikaruka kulia. Naye, ili asikosee tena, akazama kwenye nyasi kuliko kawaida, akanigeuzia mgongo na kujifunika kitenge usoni. Mimi nami nimegeuza mgongo. Fikiria kilima kizima, upepo, na watu wazima wawili wamesimama kila mmoja kwenye nyasi zake wakitazama pande mbili za dunia, na njia katikati iko wazi, haina mtu.

Hapo nikasikia mlio kama wa tairi la lori linaloishiwa upepo.

Kifutu ni nyoka mvivu. Nyoka wengine wakisikia kishindo cha miguu wanakimbia. Yeye hulala palepale, akiamini kwamba rangi yake ya majani makavu inamtosha. Huyu alikuwa mnene kama mkono wangu, na mkono wangu umelelewa na magunia. Adela anasema alikuwa kifutu wa kawaida tu, lakini Adela hakuwa pale. Nilikuwepo mimi na Mama Mkwe, na hata sisi hatukuwa tunatazama.

Hakupiga kelele. Nilisikia pumzi inaingia, basi. Kisha, kwa sauti yake ileile ya kuuliza habari za barabara, akasema:

"Enyi nyasi, mwambieni mkwe wangu kwamba nimeumwa na nyoka."

Niligeuka. Nikavunja sheria ya kwanza palepale, nikamtazama. Alikuwa ameshika mti mdogo, matone mawili madogo ya damu juu ya kifundo cha mguu, na kifutu anaondoka taratibu bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi ya serikali. Nikapiga ukelele ambao nina hakika ulisikika mpaka sokoni Kagoma. Adela na Deo wakashuka mbio, watoto nyuma yao.

Kila mtu akawa daktari. Deo akavua mkanda wake afunge mguu mpaka damu isipite. Mtoto wake mkubwa akataka kuchanja kwa wembe kama alivyoona kwenye filamu. Mimi nikasema yale tuliyofundishwa kwenye masomo ya jioni: hakuna kufunga kwa kubana, hakuna kuchanja, atulie, asitembee, afike hospitali upesi. Adela akasikia neno moja tu. "Hospitali," akasema. "Sasa hivi. Deo, mbebe Mama."

Deo ni mtoto mwema. Aliinama, akambeba mama yake mgongoni, akaenda hatua chache za kishujaa, akapiga magoti kama anapokea komunyo. Dar es Salaam imemlisha vizuri lakini kwa mbele tu. Mguu wa Mama Mkwe tayari ulikuwa umeanza kujaa. Deo akanitazama. Adela akanitazama. Watoto wakanitazama. Mtu aliyebeba kahawa ya Kagera nzima mgongoni alikuwa mmoja tu pale.

"Hapana," akasema Mama Mkwe. Hakuna aliyekuwa amesema kitu.

"Mama, mguu unavimba."

"Uache uvimbe. Ni wangu."

"Bojo, Mama!" Adela akapiga magoti nyasini, bojo ndilo neno letu la kusihi mpaka mwisho. "Utakufa!"

"Nitakufa na heshima yangu. Huko nitamkuta baba yako. Nitamwambia nini, kwamba nimekuja nimempanda mkwe?"

Adela akasimama. Mke wangu ni mpole, lakini upole wake una mwisho, na siku hiyo niliuona mwisho huo kwa macho. "Na mimi nitawaambia nini watu msibani? Kwamba mume wangu alikuwa na mgongo, na mama yangu alikuwa na sumu, tukakaa hapa tunatazamana kwa adabu?"

Mama Mkwe alifumba macho muda mrefu. Alipoyafumbua hakututazama.

"Mwambieni huyo mkwe ageuke."

"Mama anasema ugeuke," Adela akaniambia.

"Nimesikia."

"Asiseme amesikia!" Mama Mkwe akafoka.

Akaomba vitenge. Kimoja akajifunika kichwa kizima. Kingine akataka nifunikwe mimi, kuanzia utosini mpaka kiunoni, pakatobolewa nafasi ya macho tu, ili kwa mujibu wa sheria anayembeba awe kitenge, si mkwe. Nikainama. Akapanda.

Nimebeba magunia ambayo wanaume wawili waliyakimbia. Lakini gunia halisali rozari sikioni, na gunia halitoi maelekezo. "Kitenge, kuna jiwe." "Kitenge, polepole hapo." "Kitenge kinahema sana, kilikula nini asubuhi?" Nami nashuka, jasho linaingia machoni, na naapa kwamba kile kilima kilikuwa kimeongezwa urefu tangu tulipopanda. Adela alikuwa mbele akiongea na simu, akitafuta bodaboda ipande mpaka mwisho wa rweya.

Kisha maelekezo yakaacha kuja. Rozari nayo ikaacha. Nilisikia kichwa chake kinalala begani kwangu, kizito, na mikono yake iliyokuwa imenikaba inalegea. Kimya hicho kiliniogopesha kuliko yule kifutu. Mimi ni mtu wa kucheka, lakini pale sikuwa na kicheko hata kimoja mwilini.

"Mama," nikasema. "Mama, usilale."

Nikatikisa bega alilolalia.

"Mama! Niambie njia. Kuna jiwe mbele?"

Kisha, kwa mbali kabisa, kama mtu anayeongea kutoka chumba kingine:

"Kitenge... hakisemi."

Sijawahi kufurahi kukosolewa kama siku hiyo. Nikaongeza mwendo.

Bodaboda ilitukuta mwisho wa nyasi. Dereva alikuwa kijana mwenye haraka asiyejua lolote. "Bibi akae katikati," akasema. "Bibi nikumbatie mimi, na wewe kaka umkumbatie bibi kwa nguvu asianguke." Adela akaficha uso. Deo akatazama mbingu. Mama Mkwe hakuwa tena na nguvu za kubisha, na hilo ndilo lililoniuma. Tukapakizwa mshikaki, yeye katikati kama nyama, mimi nyuma nimemshika na bado nina kitenge kichwani, na hivyo tukapita Kagoma siku ya gulio, watu wamejaa barabarani. Wengine walitupisha kwa huruma. Wengine, baadaye nilikuja kujua, walipiga picha.

Hospitali ya misheni ilikuwa na dawa ya sumu, na Mungu ashukuriwe kwa hilo mara mia. Lakini mlangoni kulikuwa na muuguzi.

"Jina la mgonjwa?"

"Ni mama yake mke wangu."

"Nimeuliza jina, baba."

"Ni mtu wa Ijumbi. Mama wa shemeji yangu Deo."

"Baba, unanichelewesha! Jina hulijui?"

"Nalijua sana."

Kabla hajaniita mwendawazimu, kutoka kwenye kitanda cha magurudumu ikatoka sauti dhaifu, macho yamefumbwa: "Dada, andika." Na akajitaja mwenyewe, jina la ubatizo na la ukoo. Mimi nikaziba masikio.

Mguu ulivimba ukawa kama mkungu wa ndizi, ukapita rangi zote za shada la maua, kisha taratibu ukarudi kuwa mguu. Kidole kimoja kilibaki kigumu na kovu likabaki juu ya kifundo. Aliruhusiwa akarudi nyumbani anachechemea kidogo, na tulichinja mbuzi. Nilidhani habari imeishia hapo.

Kumbe nilimwokoa nikampoteza. Jumapili ya kwanza simu haikulia. Nikasema bado ni mgonjwa. Jumapili ya pili haikulia, wala ya tatu. Nikapiga mimi; ikaita mpaka ikachoka. Adela akiongea naye, alijibu vizuri, lakini neno "mumeo" lilitoweka kabisa mdomoni mwake. Hakuuliza tena habari za barabara. Tukienda Ijumbi tunakuta chakula kimepikwa, kiko mezani, kimefunikwa kwa majani ya mgomba, na mwenyewe ameenda "kumwona mgonjwa." Ijumbi haijawahi kuwa na wagonjwa wengi kama mwaka ule.

Sababu tuliisikia kwa watu. Sokoni Kagoma akina mama walikuwa wanamtania. "Mama, leo umekuja bila usafiri wako?" "Mama, kitenge chako kile kinakodishwa?" Ni utani, na mimi kama ningekuwa mtani wake ningecheka mpaka nianguke. Lakini mtu aliyejenga heshima yake jiwe juu ya jiwe tangu usichana, na ndani ya siku moja ikapita gulioni juu ya pikipiki, huyo utani haumwingii kama utani. Krismasi iliyofuata tulifika na zawadi. Akawa ameenda kwa dada yake ng'ambo ya pili ya Muleba, ambako hakuwahi kwenda Krismasi hata moja. Hatukupanda rweya. Deo alijaribu kuchekesha, akaacha. Adela alilia jikoni, na mimi nikakaa sebuleni na simu mkononi, nikiusikiliza ukuta, na ukuta hauna la kusema.

Ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, masika yameanza, niko nyumbani Bakoba peke yangu. Adela ameenda sokoni. Nafua. Nikasikia mlangoni: "Hodi."

Sauti ile ningeijua hata kaburini. Nikafanya ambacho angefanya mkwe yeyote aliyelelewa: nikaacha nguo kwenye povu, nikakimbilia jikoni, nikajificha nyuma ya pazia. Nikasikia anaingia, hatua moja nzito, moja nyepesi. Nikasikia kiti kinalalamika.

"Enyi kuta," nikasema, "mwambieni Mama karibu sana. Adela ameenda sokoni, hatakawia."

"Achana na kuta," akasema. "Nasema na wewe."

Nilitazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine.

"Toka huko. Siku uliyonibeba hukuwa na pazia."

"Nilikuwa na kitenge, Mama."

"Kitenge kilikuwa changu."

Nikatoka, macho sakafuni. Na kwa kuwa macho yalikuwa sakafuni, kitu cha kwanza nilichokiona ni mguu wenyewe, ameunyoosha mbele, bila soksi, kovu limeng'aa.

"Utazame," akasema. "Umeubeba, hujawahi kuuona."

Nikautazama.

"Krismasi nilikula kwa dada yangu," akaendelea. "Alipika vizuri. Chakula hakikushuka. Juzi wale wa Kagoma wakaanza tena, eti usafiri wangu uko wapi. Nikawauliza: nyinyi wenye wakwe wa kushikana nao mikono, nani kati yenu ameshawahi kubebwa? Nyote mna wakwe wenye migongo. Nani?"

"Wakasemaje, Mama?"

"Mmoja akaanza kulia. Mkwe wake hata chumvi hajamnunulia." Nikamsikia anacheka, kile kicheko cha kwenye simu, lakini mara hii hakikupita ukutani. "Haya. Nina njaa. Nyumba hii ina ndizi?"

"Zipo, Mama. Adela akirudi ata—"

"Wewe huna mikono? Lete beseni, lete na visu viwili."

Nikaleta. Akavuta kigoda, akanionyesha kingine upande wa pili wa beseni. Nikakaa. Kumenya ndizi kwetu si kazi ya wanaume, na ilionekana: niliichukua ndizi nene nikaitoa nyembamba kama kidole gumba.

"Unamenya au unachonga kinyago?"

"Nachonga, Mama."

"Lete. Tazama. Kisu kinalala, hakisimami. Basi usitazame uso wangu, tazama kisu!"

"Natazama kisu, Mama."

"Unatazama uso."

"Kidogo tu, Mama."

Tulikuwa tumeshajaza nusu ya beseni, yeye ndizi nzima, mimi vinyago, mikono yetu imekuwa myeusi kwa utomvu, Adela aliposukuma mlango na kikapu kichwani. Alimwona mama yake. Akaniona mimi. Akaona beseni moja katikati yetu na hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna simu. Kikapu kikaanguka, nyanya zikakimbia chini ya meza.

"Mama!" akapiga kelele, mikono kichwani. "Nani amekufa?"

Mama Mkwe hakuinua kichwa. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi, akaitupia kwenye maji ya beseni.

"Hajafa mtu," akasema. "Ndiyo maana tunamenya. Okota nyanya zako, ukae."